"UMEMWONA?": Uchambuzi wa kisa cha bango la filamu lililogeuka tangazo la mtoto aliyepotea

Kisa hiki kilitokea katika klabu ya filamu ya vijana ninayofundisha. Nimeondoa mji, shule, jina la filamu na majina ya watu wote, na vitu vichache vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Binti anayezungumziwa, mama yake na kijana aliyesanifu bango wameisoma taarifa hii kabla haijatoka. Wameniruhusu kuiandika kwa sababu wanataka walimu wengine waijue. Nami nataka hivyo hivyo, kwa maana sehemu kubwa ya makosa yaliyomo ni yangu.

Usuli

Klabu yetu hukutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kuazima, kwenye mji mmoja wa pwani ya Kenya. Wakati huo tulikuwa na vijana 14, wa umri wa miaka 14 hadi 17. Mimi hufundisha usanifu wa picha na maandishi, mwenzangu hufundisha uigizaji na kamera.

Mwaka huo walitengeneza filamu fupi ya taharuki, dakika 22, kuhusu msichana anayetoweka siku moja kabla ya harusi ya dada yake. Hadithi waliitunga wenyewe na ilinivutia sana. Haikuwa na damu wala jini. Kilichotisha ni jinsi watu wa nyumba ile walivyoendelea kupepeta mchele na kupanga viti, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema kwamba kuna mtu hayupo.

Watoto wawili ndio kiini cha kisa. Wa kwanza nitamwita mwigizaji, binti wa miaka 15 aliyecheza nafasi ya anayetoweka. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya juu, mtu wa kuanzisha nyimbo garini. Simu aliyotumia ilikuwa ya zamani ya mama yake, kioo kimepasuka pembeni. Wa pili ni msanifu, mvulana wa miaka 16 aliyejifunza kudizaini kwa simu tangu ana miaka 14. Tayari alikuwa akilipwa visenti kutengeneza kadi za harusi na matangazo ya mechi za mtaani.

Rasimu tatu

Niliwapa kanuni moja tu: bango la taharuki huuliza swali na kukataa kulijibu. Ukionyesha jambazi na kisu chake, umeshamaliza hadithi ukutani. Mtazamaji aende nyumbani na kitu kisichomtoka kichwani.

Msanifu alirudi na rasimu tatu. Ya kwanza ilikuwa lapa moja la mguu wa kushoto juu ya ngazi za gati, maji yameanza kulifikia. Ya pili ilikuwa mlango wa mbao ulio wazi nusu, na kivuli kinachoanguka upande usiolingana na taa. Ya tatu ilikuwa uso wa mwigizaji, picha ya kawaida kama ya kitambulisho, juu ya karatasi nyeupe. Juu yake maandishi mazito mekundu: UMEMWONA? Chini ya picha: "Alionekana mara ya mwisho akiwa amevaa dera la samawati." Kisha nambari ya simu ya klabu. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu, jina la filamu, tarehe na ukumbi.

Aliiga tangazo la mtu aliyepotea, na aliliiga vizuri mno. Wazo lilikuwa lake na lilikuwa na akili. Hadithi inahusu watu wanaonyamaza, na bango linamuuliza mpita njia swali ambalo wahusika wenyewe hawathubutu kuliuliza.

Tulizipeleka rasimu zote katika kundi la klabu la WhatsApp, lenye wanachama, ndugu na marafiki wa klabu, tukahesabu alama za moyo. Ya tatu ilipata 31. Lapa lilipata 4. Nikaidhinisha ya tatu siku hiyo hiyo.

Sababu zangu wakati ule zilikuwa mbili. Kwanza, vijana walikuwa wamechagua, na nilitaka wajue kuwa chaguo lao lina uzito. Pili, nililitazama bango kwenye karatasi ya A3 iliyochapishwa, milimita 297 kwa 420, limebandikwa ukutani mwa ukumbi. Jina la filamu lilikuwa na kimo cha milimita 9 hivi, na ukisimama hatua tatu ulilisoma bila shida. Nikasema, ni wazi kuwa hii ni filamu.

Kuhusu ridhaa, mama wa mwigizaji alikuwa ametia saini fomu ya kumruhusu binti yake kuigiza. Fomu haikutaja bango, wala mitandao, wala namba ya simu chini ya uso wa mtoto. Binti mwenyewe alipoulizwa alicheka na kusema sawa. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Usiku wa Alhamisi

Tulichapisha nakala 30 za ukutani. Alhamisi saa 1 jioni msanifu akaliweka pia mtandaoni, kwenye ukurasa wa klabu na kwenye stetasi yake, tukawaomba wanachama wote walisambaze.

Kufikia saa 3 usiku simu ya klabu, ambayo huwa kwangu, ilikuwa haipumziki. Nilidhani watu wanaulizia tiketi. Mtu wa kwanza niliyemjibu alikuwa mzee aliyesema, kwa upole kabisa, kwamba amemwona binti huyo gatini mchana akiwa na mfuko mweusi, na kwamba yuko tayari kurudi pale kumtafuta. Nilimweleza kuwa ni filamu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hivyo mtoto yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Alhamdulillahi," akakata.

Usiku ule nilijibu simu zaidi ya 60. Nyingi zilikuwa za namna hiyo, za watu waungwana waliokuwa tayari kutoka nje usiku. Moja sitaisahau. Mwanamke mmoja alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha akasema mwanawe wa kiume hajaonekana mwaka wa pili sasa, na karatasi alizobandika yeye hazisomeki. Alitaka kujua sisi yetu tuliichapisha wapi.

Kilichotokea ni kwamba mtu fulani alilikata bango. Huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda alitaka tu uso na nambari vionekane vizuri zaidi. Ukanda wa chini wenye jina la filamu ukabaki nje, na kilichobaki kikawa tangazo kamili la mtoto aliyepotea. Likaingia makundi ya mitaa, ya misikiti, ya akina mama wa chama, ya waliosoma pamoja. Kabla ya alfajiri lilikuwa limefika Muscat, kwa dada wa mama yake mwigizaji anayefanya kazi huko. Alipiga simu nyumbani akilia, saa 11 kwetu, saa 12 kwao.

Mama hakuwa ameliona bango. Aliamshwa na kilio cha dada yake, akakimbilia chumba cha watoto, akamkuta binti amelala. Saa 1 asubuhi wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kufika na leso zao kichwani, wengine na unga na sukari, wakakaa barazani kama wanavyokaa kwenye msiba. Aliponipigia alisema maneno haya: "Mwalimu, mwanangu yuko chumbani amelala, na watu wananipa pole."

Tuliyoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza tuliufanya kwa haraka, saa 2 asubuhi. Tulichukua picha ile ile, tukaandika juu yake SI KWELI kwa wino mwekundu na kupitisha msalaba mkubwa, tukaituma kila mahali. Tulidhani kosa hurekebishwa kwa kuonyesha kosa. Ndani ya saa moja watu walianza kuuliza kama amepatikana amekufa. Msalaba mwekundu juu ya uso wa mtoto haukusema "habari hii si kweli" kwa mtu anayepitisha kidole haraka. Ulisema jambo jingine kabisa. Tukawa tumeusambaza uso wake mara ya pili kwa mikono yetu wenyewe.

Uamuzi wa pili ulitoka kwa mama, si kwetu. Alikataa maandishi. Alichukua simu akarekodi sauti ya sekunde 41: akataja jina lake na mtaa wake, akasema binti yake yuko nyumbani, amekunywa chai, picha ile ni ya mchezo wa filamu, na aliyeipokea aifute. Nyuma ya sauti yake anasikika binti akisema, "Mama, sema nimekunywa na mahamri." Akaituma kwa dada yake Muscat na kwa makundi matatu. Kufikia adhuhuri ilikuwa imepita karibu kote ilikopita picha.

Sambamba na hilo tulifuta bango kwenye kurasa zote, tukang'oa nakala za ukutani, na mwenzangu akaenda kwa mzee wa mtaa na kituo cha polisi kueleza, ili mtu asifungue faili la bure. Ustadhi wa madrasa alitangaza baada ya sala ya Ijumaa.

Hofu ya mji ilizimika siku hiyo hiyo. Tulipumua, tukadhani tumemaliza.

Wimbi la pili

Jumapili zilianza kuja komenti za aina nyingine. Kwamba binti alijitafutia umaarufu. Kwamba mtu mwenye sura ile angepotea nani angehangaika. Mwanafunzi mmoja alitengeneza stika ya WhatsApp kwa uso wake na neno UMEMWONA?, na kundi la darasa likaitumia kila mwalimu akichelewa au kitabu kikikosekana.

Mwigizaji hakusema lolote nyumbani. Mama aliona dalili kwanza: chakula kinarudi nusu, taa ya simu inawaka chini ya shuka saa 8 usiku. Alikuwa akisoma kila komenti, kisha anarudi juu kuangalia kama kuna mpya. Jumatano alikataa kwenda shule. Ijumaa aliulizwa kwa nini, akasema, "Nikiingia darasani wananiangalia kama picha."

Ushauri wetu wa kwanza ulikuwa zima simu. Ulishindwa ndani ya siku mbili. Kazi za shule zilitumwa kwenye kundi lile lile. Rafiki zake wawili wa karibu, ambao walikuwa upande wake, nao walikuwa humo. Na simu ikizimwa, alituambia baadaye, alikuwa akiyawaza yanayoandikwa, na anayoyawaza yalikuwa mabaya kuliko yaliyokuwepo.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo na cha kifamilia. Binamu yake wa miaka 20 alijitolea kuwa macho yake. Kila jioni alichukua simu kwa nusu saa, akaripoti, akazuia waliotukana, akafuta, kisha akamsimulia binti mambo mawili tu: kama kuna kazi ya shule, na nani amemwandikia jambo zuri. Mwalimu wa ushauri nasaha alizungumza na darasa bila kumtaja mtu, na aliyetengeneza stika akaja mwenyewe kuomba radhi. Mwalimu huyo pia alimpa mama nambari 116, simu ya bure ya watoto inayopokelewa usiku na mchana, na mama akaipiga. Alisema msaada mkubwa aliopata hapo ni kuambiwa jinsi ya kukaa na binti bila kumhoji.

Matokeo

Mwigizaji alikosa shule siku 8. Usingizi ulirudi polepole, karibu wiki ya tano. Filamu ilionyeshwa wiki tatu baada ya tarehe yake, kwa bango la lapa. Alikuja, akaketi kiti cha nyuma karibu na mlango, akatoka kabla mwisho haujafika. Bado yuko klabuni. Hajaigiza tena. Anashika kinasa sauti, na ni hodari.

Msanifu sikumtaja katika wimbi la pili kwa sababu wakati ule hatukumwona. Usiku wa Alhamisi alikuwa ameona kazi yake ikisambaa kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi kwa zile saa mbili za mwanzo. Alikesha akihesabu. Asubuhi watu wale wale walimwita muuaji. Siku ya 9 ndipo mwenzangu alipouliza mbona haji. Tulimkuta amefuta kila kitu, kadi za harusi, matangazo ya mechi, mazoezi ya miaka miwili, yote. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ulisema linauliza swali." Nilikuwa nimesema hivyo.

Uchambuzi

Nianze na bango lenyewe, maana hapo ndipo wenzangu wengi wanaosanifu watajiona.

Bango la ukutani lina mlinzi, nao ni ukuta. Anayelisoma amesimama mbele ya ukumbi wa filamu, pembeni kuna mabango mengine, anajua yuko wapi. Simu humwondoa mlinzi huyo. Nililipima bango letu kwenye A3 wakati wengi wangeliona kwenye kioo chenye upana wa sentimita 6 na nusu hivi, yaani dogo mara nne na nusu. Zile herufi za milimita 9 zilikuwa milimita 2, tena za kijivu. Zaidi ya hapo, picha ndefu ikitumwa WhatsApp huonekana sehemu ya katikati mpaka uiguse, na sehemu ya katikati ya bango letu ilikuwa uso na swali. Hata kabla mtu hajalikata, simu yenyewe ilikuwa imeshaanza kulikata.

Tena tuliazima sura ya kitu ambacho watu wanakiamini. Karatasi nyeupe, wekundu, picha ya mbele, nguo aliyovaa, nambari ya kupiga: hiyo si mitindo, ni lugha ya dharura. Inafanya kazi kwa sababu watu hawaichezei. Pwani kuna familia zinazotafuta watoto wao kweli kweli, na kila mara lugha hiyo inapotumika kwa tiketi, yule mwanamke aliyenipigia anapungukiwa. Hili linaniuma kuliko mengine yote, na sidhani kuna namna ya kulisanifu vizuri zaidi. Ni la kuachwa.

Taharuki haikuhitaji uso. Lapa lilikuwa bango bora tangu mwanzo: ukilikata popote, bado ni lapa, hakuna mtu wa kumpigia simu wala wa kumwekea stika. Linatisha kwa sababu mguu haupo. Lilipata mioyo 4 kwa kuwa moyo hubonyezwa haraka, na uso wa mtu tunayemjua hubonyezwa haraka kuliko vyote. Niliipima kazi ya sanaa kwa kipimo kile kile ambacho baadaye kilimkesheza msanifu na kumkesheza mwigizaji. Kampuni zenyewe zinaujua uzito wake: tangu 2021 Instagram humruhusu mtumiaji kuficha idadi ya waliopenda. Sisi tuliiweka mbele ya watoto kama kura.

Kuhusu sheria, fomu yetu haikutosha. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na inataka jambo lenyewe liwe kwa manufaa ya mtoto. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo. Sikuihusisha na klabu ya Jumamosi.

Kwa nini sauti ya mama ilishinda pale tangazo letu liliposhindwa? Haikubeba picha, kwa hiyo haikuweza kukatwa ikawa kitu kingine. Ilibeba jina, mtaa, na mahamri. Shangazi anayesita kuamini maandishi huamini pumzi ya mama. WhatsApp ina mipaka ya kupunguza kasi ya ujumbe uliopita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa gumzo moja tu kwa wakati. Lakini picha iliyokatwa na kuhifadhiwa upya huanza safari kama mpya. Njia pekee iliyoikamata ilikuwa ya watu wale wale walioisambaza, na wao walimsikiliza mama.

Kuhusu "zima simu": mwaka 2023 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka ulioonya kuwa vijana wanaotumia mitandao zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, yakiwemo dalili za wasiwasi na sonona. Wazazi wengi wameshika zile saa, nasi tulizishika. Kwa binti huyu saa hazikuwa shina la tatizo. Kilichomwumiza ni kujiona akigeuzwa kitu na watu anaowajua, kisha kulazimika kuwa askari wa zamu wa jina lake usiku kucha. Binamu hakupunguza mtandao sana. Alimpokea zamu.

Na msanifu tulimsahau kwa sababu alikuwa mkosaji katika macho yetu, ingawa aliyeidhinisha nilikuwa mimi. Mtoto wa miaka 16 alibeba lawama ya mtu mzima kwa siku 9.

Tunavyofanya sasa

Kila rasimu tunaitazama kwanza kwenye simu iliyopasuka kioo, kisha tunampa mtu asiyejua chochote akate sehemu yoyote anayotaka. Kinachobaki kikidanganya, rasimu inarudi. Hatutumii uso wa mwanachama kwa nafasi ya aliyeuawa, aliyetekwa au aliyepotea. Tunachora, au tunatumia kitu. Fomu ya mzazi inataja bango na mtandao kila kimoja peke yake, na binti au kijana mwenyewe huulizwa mara mbili, mara ya pili baada ya wiki moja, akiwa peke yake na mwalimu mmoja. Rasimu huchaguliwa ukumbini kwa mazungumzo, na kila anayependekeza lazima aseme kwa nini.

Msanifu alirudi baada ya miezi miwili. Kazi ya kwanza aliyoomba kufanya haikuwa ya klabu. Alimtafuta yule mwanamke aliyenipigia usiku, akamtengenezea upya tangazo la mwanawe, herufi kubwa, picha safi, akalichapisha nakala 50 kwa pesa zake.

Miezi minne baadaye picha ya mwigizaji ilizuka tena, katika kundi la mji mwingine, na tarehe mpya imeongezwa chini. Dada wa mama, yule wa Muscat, ndiye aliyeiona kwanza. Safari hii hakulia, alimwandikia dada yake neno moja, "Imerudi." Mama alifungua ujumbe aliouwekea nyota kwenye simu yake, ule wa sekunde 41, akautuma tena.